Chiku na Ukoko wa Mtaa Mzima

Sogeeni hapa, mkae vizuri. Anayetaka kwenda chooni aende sasa, maana hadithi hii ina watu wazima wengi, na watu wazima wakianza kujitetea hawanyamazi.

Huyu ni Chiku. Ana miaka sita, na meno yake mawili ya mbele yameng'oka.

Chiku anakaa Tanga, pamoja na Mama na Mjomba Mbaruku. Nyumba yao ina ua mdogo, na uani kuna jiko la makaa.

Leo Chiku ana furaha. Amemaliza Juzuu Amma!

Chuoni kwa Maalim Badi, wanakosomea Kurani, mtoto akimaliza Juzuu Amma huleta mkate wa kumimina. Mkate mkubwa, wa mviringo, mtamu, wa kuliwa na watoto wote.

Kesho ni zamu ya Chiku.

Lakini Chiku ana hofu. Juzi Mahadhi wa mtaa wa pili alileta mkate wake. Ulikuwa umenata kwenye sufuria, ukatoka vipande vipande.

"Huu mkate au kokoto?" watoto walimwuliza. Wakacheka, hi hi hi! Hata Maalim Badi alicheka, akajifanya anakohoa.

Mahadhi alilia. Na aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote, mnamjua ni nani? Ni Chiku.

"Mama," Chiku akasema, "mkate wangu usikatike. Utoke mzima. Mzima kabisa!"

"Utatoka mzima, inshallah," Mama akasema.

Mama alikuwa ameshasaga mchele. Ametia tui la nazi, sukari, iliki na hamira. Bakuli amelifunika kwa kanga.

Chini ya kanga, unga ulikuwa unaumuka polepole. Bwu. Bwu. Bwu.

"Ukifika mdomoni mwa bakuli, tunamimina," Mama akasema. "Ukipitiliza, unachacha. Tunamwaga."

"Na sufuria iko wapi?" Chiku akauliza.

Ah, sufuria! Mkate wa kumimina hauokwi kwenye sufuria yoyote. Unataka sufuria pana, fupi, yenye mfuniko bapa. Makaa huwekwa chini, na makaa mengine huwekwa juu ya mfuniko.

Mtaa mzima una sufuria moja tu ya namna hiyo. Ni ya Mama.

Ndiyo maana haikai nyumbani. Leo iko huku, kesho iko kule. Inatoka mkono wa jirani huyu, inaingia mkono wa jirani yule, na Mama haioni.

"Hodi! Hodi!"

Ni Bi Mgeni, jirani wa upande wa kulia. Amepaka wanja, amejaza bangili mkono mzima. Mikononi ameshika sufuria ya mkate, imefunikwa kitambaa cheupe chenye maua.

"Karibu, Bi Mgeni!"

"Nawarudishia sufuria yenu. Ahsanteni sana, jamani."

Chiku akafunua kitambaa. Lo! Kaimati! Kaimati za moto, zimelowa shira ya sukari!

Mtaa huu una adabu zake. Ukiazima chombo cha jirani, hukirudishi kitupu hata siku moja. Unatia chochote ulicho nacho. Ukirudisha chombo kitupu utasemwa mpaka uhame.

"Bi Mgeni, umejisumbua bure," Mama akasema.

"Wala!" Bi Mgeni akasema. Akageuka, akaondoka haraka. Haraka kweli! Viatu vyake vilisema ka-ka-ka-ka mpaka mlangoni kwake.

Kwa nini anakimbia? Ngojeni, mtaona.

Chiku akala kaimati moja. Akala ya pili. Mjomba Mbaruku akala zote zilizobaki, akalamba vidole, akalamba na kitambaa.

Ndipo Chiku alipoona chini ya sufuria.

Palikuwa na ukoko. Ukoko mnene, mgumu, ulioungua. Umeshika kama lami.

Chiku akaunusa. Unanuka keki iliyoungua. Akaunusa tena. Unanuka samaki.

Juu kuzuri! Chini je?
Chini kweusi tii!

"Mama! Njoo utazame!"

Mama akatazama. Kisha akatazama pembeni, upesi sana. "Si kitu," akasema. "Tutapaka mafuta mengi. Mkate hautanata."

"Utanata, Mama. Utakuwa kokoto."

"Basi sugua kidogo."

Chiku akachukua kitambaa na sabuni. Sugua, sugua, sugua! Povu likajaa mpaka puani. Chiku akalimwaga, na ukoko uko pale pale.

Mjomba Mbaruku alikuwa amelala chali kwenye mkeka. Mjomba hajawahi kuosha hata kijiko, lakini habari za kuosha anazijua zote.

"Usijitese, mwanangu," akasema. "Loweka."

"Nikiloweka, halafu?"

"Halafu unangoja. Uchafu unatoka wenyewe."

Mjomba akainuka. Akatia maji kwenye sufuria. Akajipangusa jasho ambalo halikuwepo, akarudi kulala. Khoroo! Khoroo!

Katika nyumba hii Mjomba ameshaloweka sahani. Ameshaloweka vikombe. Shati lake la Idi limelowekwa tangu Idi, na mpaka leo halijajifua.

Chiku akangoja. Akangoja sana.

Kuku akaja, akanywa maji ya sufuria. Chwi! Akapiga chafya, akakimbilia chini ya ngazi.

Bwu, bwu, bwu. Unga umefika nusu ya bakuli.

Chiku akamwaga maji, akachungulia. Ukoko ulikuwa umeoga tu. Sasa unang'aa.

"Mama," Chiku akasema, "mwite Bi Mgeni aje asugue. Yeye ndiye aliyeunguza."

"Shh!" Mama akasema. "Jirani hasemwi. Mtu amekuletea kaimati, halafu umwambie ameharibu sufuria? Hiyo si adabu, mwanangu."

"Na kurudisha sufuria chafu ni adabu?"

Mama akajikuna kichwa. Akaenda kuchochea makaa, na makaa yenyewe yalikuwa yanawaka vizuri tu.

Chiku akaona hapa hakuna msaada. Akaibeba sufuria kichwani, akatoka.

"Hodi!"

"Karibu."

"Shikamoo, Bi Mgeni."

"Marahaba, mwanangu. Kaimati zilikuwa tamu?"

"Tamu sana. Lakini chini kuna ukoko."

Bi Mgeni akashika kifua. Bangili zikalia cheng'e-cheng'e. "Ukoko? Mimi? Mimi nilioka keki tu! Tena kikeki kidogo! Sufuria ilikuja hivyo hivyo kutoka kwa shangazi yako Tunu. Nenda kamwulize yeye."

"Haya. Kwaheri."

"Ngoja, ngoja! Mtoto hatembei na chombo kitupu." Akatia ndizi mbivu ndani ya sufuria. Ndizi zikaufunika ukoko, usionekane tena.

Juu kuzuri! Chini je?
Chini kweusi tii!

Chiku akaenda kwa Shangazi Tunu. Shangazi Tunu ni dada wa baba yake Chiku, na ana mdomo. Wote tuna midomo, lakini wa Shangazi haupumziki.

"Shikamoo, Shangazi. Sufuria ina ukoko. Unanuka samaki."

"Samaki? Mimi nilioka samaki mmoja. Mmoja! Tena mwembamba, hana hata mafuta! Sufuria ilikuja hivyo hivyo kutoka kwa Mama Nuru. Yule mama, lo! Jikoni kwake... Aa, mimi sisemi watu."

Kisha akasema. Akasema mpaka Chiku akachoka mguu mmoja, akasimamia mwingine.

"Haya, usirudi na chombo kitupu," Shangazi akamaliza. Akatia bajia juu ya ndizi.

Sufuria ikawa nzito. Shingo ya Chiku ikaanza kuuma.

Juu kuzuri! Chini je?
Chini kweusi tii!

Chiku akaenda kwa Mama Nuru, nyumba ya kona.

"Shikamoo, Mama Nuru. Sufuria ina ukoko."

"Marahaba. Mimi nilioka nyama kidogo tu. Ukoko niliukuta. Sufuria ilikuja hivyo hivyo."

"Kutoka kwa nani?"

Mama Nuru akatazama juu. Akatazama chini. Akakaza ushungi wake.

"Kutoka kwa mama yako," akasema.

Chiku akaishusha sufuria kutoka kichwani.

"Siku ile nilikwenda kuiazima. Mama yako akanipa imejaa maandazi! Nikasema, huyu jirani ana moyo wa ajabu, ananiazima sufuria na chakula juu yake! Tulipomaliza maandazi, tukaona chini."

"Mbona hukumwambia?"

"Jirani hasemwi, mwanangu." Mama Nuru akatia visheti juu ya bajia.

Maskini Chiku! Akarudi nyumbani na visheti, bajia, ndizi na ukoko ule ule.

Moyo wake ulikuwa mzito kuliko sufuria. Alikuwa na hasira na mtaa mzima. Lakini kumkasirikia Mama ni kazi ngumu, na Chiku hakujua aanzie wapi.

Nyumbani, Mjomba Mbaruku aliamshwa na harufu. "Bajia!" akasema. Akahamisha vyote kwenye sahani yake, akatoka nayo, akaketi barazani. Mtu wa kazi huyo.

Bwu, bwu, bwu! Unga umebakiza vidole vinne kufika mdomoni.

Chiku akamtazama Mama. Mama akauliza, "Wamesemaje?"

"Wamesema sufuria ilikuja hivyo hivyo."

"Unaona?" Mama akasema. Lakini hakumtazama Chiku machoni.

Chiku akavuta pumzi. "Mama, ukoko unatolewaje? Kweli kweli."

"Kweli kweli?" Mama akashusha sauti. "Kwanza maji ya moto na ndimu, uchemke ulainike. Kisha majivu na kumbi la nazi. Kisha nguvu."

"Nguvu ya nani?"

Mama akashika kisu. Akakata ndimu, akatia na maji, akaiweka sufuria jikoni. Maji yakachemka, chwa-chwa-chwa.

Ukoko ukaanza kulegea pembeni. Kidogo tu. Mama akamwaga maji, sufuria ikapoa.

Chiku akachota majivu. Akachukua kumbi la nazi. Akabeba kila kitu, akapita sebuleni, akaenda barazani, mbele ya nyumba.

Kwa nini asisugue uani? Uani kuna kivuli. Lakini barazani mtaa mzima unasikia. Chiku ana mapengo, si mjinga.

Kwaru! Kwaru! Kwaru!

Madirisha yakafunguka. "Nani anakwaruza hivyo?"

"Ni mimi, Chiku!" Chiku akaita kwa sauti kubwa. "Nasugua keki! Keki ya Bi Mgeni imeanza kutoka!"

Wazee waliokuwa wakicheza bao ng'ambo ya barabara wakageuka.

"Shh! Chiku!" Bi Mgeni akasema dirishani.

"Keki yenyewe ni ndogo," Chiku akaita, "lakini ukoko wake mkubwa!"

Wazee wa bao wakacheka mpaka kete zikaanguka.

Ka-ka-ka-ka! Bi Mgeni huyo, anakuja mbio. "Nipe hapa! Nipe! Na hiyo sauti punguza!" Akavua bangili, akachutama, akashika kumbi. Kwaru! Kwaru! Kwaru!

Keki ikatoka.

Chiku akachungulia ndani. "Hee! Namwona samaki! Shangazi Tunu, samaki wako huyu hapa!"

Shangazi Tunu alikuwa amesimama mlangoni kwake, anacheka. Kicheko kikakatika. "We mtoto, usinitaje!"

"Ni mwembamba, Shangazi, lakini mkia wake mrefu!"

Shangazi Tunu akaja huku anajifunga kanga kiunoni. Kwa mara ya kwanza hakusema neno. Kwaru! Kwaru! Kwaru!

Samaki akatoka.

Chiku akafumbua mdomo. Lakini kabla hajaita, Mama Nuru huyo, amefika na kumbi lake mwenyewe. "Nipo, nipo! Usiniite!"

Kwaru! Kwaru! Kwaru!

Wanawake watatu wakasugua sufuria moja. Jasho likawatoka, wanja wa Bi Mgeni ukashuka mpaka mashavuni.

"Huo ni wako, shoga."

"Wala! Huo una mwiba ndani yake. Mwulize mwenye samaki."

"Mwiba gani? Huo mfupa wa nyama!"

Nyama ikatoka. Sufuria ikaanza kung'aa, huku na huku.

Ikabaki sehemu moja katikati. Ya mviringo, kama kisahani cha chai. Nyeusi kuliko zote, ngumu kuliko zote.

Wanawake wakaacha kusugua. Wakasimama. Wakakunja mikono.

"Huo si wetu," wakasema wote pamoja. Na walivyotabasamu! Ungedhani ni siku ya Idi.

Mlangoni akatokea Mama, amekumbatia bakuli. "Unga umefika mdomoni! Mmemaliza?"

Wote walimtazama Chiku.

"Haya, Chiku," Bi Mgeni akasema. "Ita basi. Mbona kimya? Ukoko huu hauna mwenyewe?"

Chiku akatazama ukoko. Akamtazama Mama.

Sauti yake kubwa haikutoka. Akachukua kumbi, akainama, akaanza kusugua peke yake, polepole.

Kwaru. Kwaru.

"Ita!" Shangazi Tunu akasema. "Sisi umetuita!"

"Mwenyewe yupo," Chiku akasema kwa sauti ndogo. "Lakini ni mama yangu. Sitaki achekwe."

Na machozi yakamtoka, tii, tii, yakaangukia kwenye majivu.

Wanawake wakatazamana. Hata wazee wa bao waliweka kete chini.

Mama akaweka bakuli chini. Uso wake ulikuwa umeiva kwa haya.

"Ni wangu," Mama akasema. "Niliunguza mkate. Nilikuwa nawahi arusini, nikaona uvivu kusugua. Nikaijaza sufuria maandazi, nikampa Mama Nuru. Nikajifanya mkarimu."

"Na mimi nikajifanya sikuona," Mama Nuru akasema.

"Na mimi nikaongeza samaki," Shangazi Tunu akasema.

Bi Mgeni alikuwa anafuta wanja kwenye shavu.

Mama akachutama karibu na Chiku. Akamfuta machozi kwa upindo wa kanga. "Lete kumbi," akasema. "Wangu nausugua mwenyewe."

Kwaru! Kwaru! Kwaru!

Ukoko ule ulikuwa mkongwe. Haukutaka kutoka. Mama akasugua kwa mkono wa kulia, akasugua kwa mkono wa kushoto. Chiku akamshikia sufuria isizunguke.

Bwu! Bwu! Unga ukainua kanga juu ya bakuli.

"Haraka, Mama!"

Kwaru! Kwaru! Kwaru! Kwaru! TAK!

Ukoko ukabanduka! Ukaruka juu. Ukapita juu ya kichwa cha Shangazi Tunu. Ukatua kwenye sahani ya Mjomba Mbaruku, katikati ya visheti.

Mjomba alikuwa anatazama bao. Akapeleka mkono, akautia ukoko mdomoni. Kacha, kacha, kacha.

"Mama Nuru," Mjomba akasema, "visheti vyako leo vimekauka."

Hakuna aliyemwambia. Jirani hasemwi, na Mjomba naye leo hakusemwa.

Sufuria ikasuuzwa. Ikapakwa mafuta kidogo tu. Ikawekwa jikoni.

Mama akamimina unga, chuuuu. Akauacha upate moto chini. Kisha akaweka mfuniko, na makaa juu ya mfuniko.

Wakangoja. Chiku, Mama, Bi Mgeni, Shangazi Tunu na Mama Nuru. Wote uani, macho kwenye mfuniko.

Harufu ya iliki ikatoka. Harufu ya nazi ikafuata.

Mama akafunua. Mkate ulikuwa umevimba vizuri. Akapitisha kisu pembeni, akafunika kwa sinia.

"Bismillahi," akasema. Akapindua.

Hakuna kitu.

Sufuria imelala kifudifudi kwenye sinia, kimya. Chiku alifumba macho. Aliona kokoto. Aliwasikia watoto wote wakicheka, hi hi hi.

Mama akagonga kitako cha sufuria. Ngo, ngo, ngo.

PWAA!

"Fumbua macho, mwanangu."

Chiku akafumbua. Mkate ulikuwa kwenye sinia. Mzima! Mzima kabisa! Upande wa chini ulikuwa na rangi ya asali, bila hata doa.

"Mzima! Mzima! Mzima!" Chiku akaruka. Wanawake wakapiga vigelegele.

Kisha Shangazi Tunu akasogea na kisu. "Tuonje kidogo tu."

"Hapana," Chiku akasema.

"Kipande chembamba?"

"Hapana, Shangazi. Ni wa chuoni."

"Kama ukucha?"

"Hapana!"

Wakaenda makwao bila kuonja, watu wazima watatu, mikono imejaa majivu. Walinung'unika njia nzima. Si waliona raha kuazima?

Asubuhi Chiku aliubeba mkate mpaka chuoni. Watoto wakauzunguka. Waliutazama huku, wakautazama kule, wakitafuta cha kucheka.

Hawakukiona. Maalim Badi akashika kisu, akakata.

"Cha kwanza ni cha nani?" akauliza.

Chiku alikitaka sana. Kilikuwa kipande kikubwa, bado kinanukia. Alikitazama, akameza mate.

"Cha Mahadhi," akasema. "Juzi nilimcheka sana."

Mahadhi akakipokea. Alitaka kununa bado, lakini kununa na kutafuna haviendi pamoja. Akacheka, makombo yakamwagika.

Mkate ukaliwa mpaka ukaisha.

Wiki ile ile, Bi Mgeni akaja kuiazima sufuria. Mama akampa. Safari hii haikuwa na maandazi juu yake, na Bi Mgeni aliinamisha kichwa akaitazama kwanza ndani. Mama hakukasirika.

Siku ya tatu, hodi! Bi Mgeni amerudi. Mikononi ana sufuria, imefunikwa kitambaa cheupe chenye maua.

Chiku akatoka mbio. Akafunua kitambaa.

Hakuna kaimati. Hakuna ndizi. Hakuna chochote! Ilikuwa sufuria tupu, inang'aa, na ndani yake Chiku aliona mapengo yake mwenyewe.

Bi Mgeni alikuwa ameona haya. Katika maisha yake hajawahi kurudisha chombo kitupu. "Nimesugua mpaka kucha zimekatika," akasema. "Muda wa kukaanga sikupata."

Mama akaipokea kwa mikono miwili. Akaigeuza, akatazama chini. Akatabasamu kuliko siku ya kaimati.

"Ahsante, shoga yangu," akasema. "Karibu ndani, ukae, unywe chai." Na Bi Mgeni akaingia. Hakukimbia.

Usiku Mama akamfunika Chiku shuka. Chiku alikuwa amenuna.

"Nini tena, mwanangu?"

"Sufuria safi hailiki, Mama."

Mama akacheka, ha ha ha, mpaka kitanda kikatikisika. "Haya. Kesho nitakukaangia kaimati mimi mwenyewe."

"Nyingi?"

"Nyingi."

Chiku akafurahi. Akajilaza vizuri, akafumba macho. Kisha akafumbua jicho moja.

"Mama? Na karai la mafuta nani ataliosha?"

Mama akazima taa haraka.

Chiku akangoja gizani.

"Mimi," Mama akasema mwishowe. "Mimi na wewe. Kesho hiyo hiyo, kabla ya kula hata moja. Lala sasa."

Na Chiku akalala.